Daftari Safi, Mgonjwa Ana Kidonda: Uchambuzi wa Kisa cha Ukaguzi wa Huduma ya Nyumbani

Kisa hiki kilitokea katika jiji moja la pwani ya Tanzania. Umri, tarehe, mpangilio wa familia na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa au kuachwa. Nimekiandika kwa ajili ya wauguzi, wasimamizi wa mawakala wa huduma za nyumbani, na familia zinazomlipa mtu aje kumhudumia mzazi wao. Niliongoza ukaguzi wenyewe, nikiwa na mfamasia mmoja. Msimamo wangu nauweka wazi tangu hapa: ukaguzi wa huduma ya nyumbani uanzie kwenye mwili wa mgonjwa na kwenye kabati la dawa zake. Makaratasi yafuate baadaye.

Mgonjwa na nyumba

Bibi ana miaka sabini na kitu. Mwaka mmoja na nusu kabla ya tukio alipata kiharusi kilichomlemaza upande wa kulia na kumwachia shida ya kuzungumza. Anaelewa vizuri anachoambiwa, lakini maneno hayamtoki, isipokuwa machache, na hayo humchukua muda. Ana kisukari cha miaka mingi, ana presha, na alikuwa amewekewa mpira wa mkojo. Hawezi kujigeuza kitandani. Wakati huo alikuwa anachomwa insulini ya mchanganyiko, ile ya 70/30, uniti 20 asubuhi na uniti 12 jioni, nusu saa kabla ya chakula.

Anaishi kwa mwanawe, pamoja na mkwe, wajukuu na dada wa kazi. Mwana na mkwe wote wanafanya kazi, wanatoka alfajiri kuiwahi foleni na kurudi jioni. Kwa miezi kadhaa walijaribu kumhudumia wenyewe, wakisaidiana na shangazi aliyekuja kutoka mkoani, mpaka shangazi akarudi kwake na mkwe akaanza kuumwa mgongo. Ndipo wakaenda kwa wakala. Nalisema hili mapema kwa sababu baada ya tukio baadhi ya ndugu walisema mama ametupiwa watu baki. Hakutupwa. Familia hii ilikuwa inatoa sehemu kubwa ya mshahara wa mtu mmoja kila mwezi ili mama yao aoge, ale na alale pasafi.

Wakala aliwapa wahudumu wawili wanaopokezana, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. Nyumba nzima iliwaita "nesi", na mkataba ulisema "huduma ya uuguzi". Hakuna hata mmoja aliyekuwa na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Wa usiku alisoma mafunzo ya mwaka mmoja, wa mchana kozi ya miezi michache. Wote wawili walikuwa watu wa kazi, wenye mikono laini kwa mgonjwa, na sijaona sababu ya kuwafikiria vinginevyo. Ila aliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 ana baraza la kumwajibisha na mafunzo yanayojulikana. Hawa waliachiwa insulini, mpira wa mkojo na mgonjwa asiyeweza kusema, bila muuguzi mwenye leseni juu yao.

Alama ambazo wakala alijipa

Miezi miwili kabla ya tukio, wakala alifanya ukaguzi wake wa ndani. Mratibu alimpigia mkwe simu siku tatu kabla, akafika saa nne asubuhi, akakaa sebuleni na daftari la mchana, daftari la usiku na fomu yenye visanduku. Usafi wa chumba: vizuri. Kumbukumbu za dawa: zimejazwa. Ratiba ya kumgeuza mgonjwa: imejazwa. Daftari la matukio: halina tukio lolote, na kwa hilo nyumba ikapewa alama zote. Bibi alitazamwa kutoka mlangoni, akiwa amefunikwa khanga hadi kifuani.

Fomu ile ilikuwa imenakiliwa kutoka nje ya nchi. Katika sehemu ya ngozi iliuliza kama kuna wekundu kwenye sehemu zinazolaliwa. Kwenye ngozi nyeusi kama ya Bibi, hatua ya kwanza ya kidonda cha mgandamizo mara nyingi haionekani kwa wekundu. Ngozi huwa nyeusi zaidi au huelekea zambarau, huwa ya moto au ya baridi kuliko ya jirani yake, na ukiipapasa unaona imekuwa ngumu au imelegea. Lazima uiguse. Fomu inayouliza wekundu peke yake itajibiwa "hapana" nyumba baada ya nyumba, na mjazaji atakuwa hajadanganya.

Usiku wa tukio

Karibu saa nane usiku, mjukuu aliyeamka kwenda chooni alimsikia Bibi anakoroma kwa namna asiyoizoea. Alimwamsha mhudumu wa usiku, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti. Bibi alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye mto, anaitwa haitiki. Mhudumu akadhani ni kiharusi cha pili. Akaanza kumnywesha maji kwa kijiko. Mkwe akamzuia, na alifanya vyema, kwa kuwa asiyeamka hapewi kitu mdomoni: kinaweza kuingia mapafuni.

Hakuna aliyempima sukari. Mashine ilikuwa droo ya pili, hatua tatu kutoka kitandani. Mhudumu alipiga namba ya ofisi iliyobandikwa ukutani, ikawa imezimwa, kwa kuwa ofisi hufungwa saa kumi na moja jioni. Jirani akatoa gari.

Hospitalini sukari ilisoma 1.9 (milimoli kwa lita). Kwa mtu wa kisukari, chini ya 4 tayari ni hali ya kuchukua hatua. Alipewa glukosi kwenye mshipa na baada ya muda akafumbua macho. Wauguzi walipombadilisha nguo ndipo wakakuta kidonda juu kidogo ya makalio, kwenye mfupa wa chini wa mgongo, kimefunikwa kwa gozi iliyokauka. Kilikuwa daraja la tatu, yaani ngozi yote imeliwa hadi kwenye mafuta.

Mwana alirudi nyumbani asubuhi, akayafungua madaftari. Kwa wiki tatu mfululizo yalisema, "ngozi iko salama." Siku ile ile alimpigia mkurugenzi wa wakala, na mkurugenzi, jambo ninalomsifu kwalo, akaomba ukaguzi wa watu wasio wa ofisini kwake.

Tulivyoamua kukagua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulihusu wahudumu. Mkurugenzi alitaka kuwafukuza wote wawili asubuhi ile. Tulimwomba asifanye hivyo. Mtu aliyefukuzwa hana sababu ya kukueleza jinsi siku ilivyokwenda, na wale ndio pekee walioijua. Tulikubaliana waondolewe kwenye kuchoma insulini, lakini waendelee kulipwa wakati tunachunguza.

La pili lilikuwa muda wa kufika. Bibi aliporudi nyumbani baada ya siku chache, muuguzi mwenye leseni alikuwa ndiye anayekuja kumchoma asubuhi na jioni, huku wahudumu wale wawili wakiendelea na kazi nyingine. Tulipata ridhaa ya mwana na mkwe, na ya Bibi mwenyewe kwa kumwuliza na kusubiri akubali kwa kichwa, kisha tukafika bila kuwataarifu wahudumu, saa kumi na mbili na robo jioni. Tuliuchagua muda huo kwa makusudi: tulitaka kuona zamu ikikabidhiwa.

Nyumba ya mtu si wodi. Ukiingia wodini unaingia mahali pa kazi. Ukiingia chumbani kwa mama wa watu unaingia kwenye faragha yake, na ziara ya kushtukiza inaweza kuwaaibisha wasiohusika. Ndiyo maana ridhaa ya wenye nyumba ilitangulia, na ndiyo maana dada wa kazi tulimweleza mapema kwamba hakuja mtu kumpeleleza.

La tatu lilikuwa mpangilio: mgonjwa kwanza, kisha dawa na vifaa, kisha watu mmoja mmoja, na madaftari mwisho. Nilimwomba mfamasia asifungue daftari lolote mpaka tumalize kabati. Ukilisoma daftari kwanza, macho yako hutafuta linachokisema.

Tulichokikuta

Nilianza na Bibi, mlango umefungwa, mkwe akiwa pembeni. Nilimwuliza maswali ya ndiyo na hapana, akajibu kwa kunibana kidole kwa mkono wa kushoto. Analala vizuri? Hapana. Anaumia? Ndiyo. Wapi? Hakuonyesha mwilini. Aliupiga mkono kwenye godoro, mara mbili. Tulipolifunua, chini ya mpira wa kuzuia majimaji na khanga mbili palikuwa na shimo kwenye sponji, mahali pale pale anapokalia kiuno. Ukibonyeza unagusa mbao za kitanda. Kwa miezi mingi alikuwa analazwa juu ya mbao, na hakuna fomu iliyowahi kumwuliza.

Mdomoni alikuwa na utando mweupe kwenye ulimi na ndani ya mashavu, ugonjwa wa fangasi ambao huwapata sana watu wenye kisukari. Kula kulikuwa kunamuuma. Mfuko wa mkojo ulikuwa sakafuni, na hakuna tarehe yoyote ya kubadilishwa kwa mpira. Kwa kipimo cha Braden, kinachoanzia alama 6 hadi 23 na ambacho alama 18 kushuka chini huashiria hatari ya vidonda, Bibi alipata 11. Hakuwahi kupimwa kabla ya hapo.

Kisha kabati. Mkwe alikuwa na tabia nzuri ya kuandika tarehe kwenye boksi la insulini kila anapofungua kichupa kipya, na risiti ya duka la dawa ilikubaliana naye. Kichupa cha mililita 10 kina uniti 1,000. Kilikuwa kimetumika siku 18 kamili hadi jioni ya tukio. Kwa uniti 32 kwa siku, zilipaswa kutumika 576 na kubaki 424, yaani mililita nne na ushei. Mfamasia alivuta iliyobaki kwa sindano, moja baada ya nyingine. Ilikuwa mililita 2.4, uniti 240. Zilikosekana uniti 184. Hata tukikadiria kwamba uniti moja hupotea katika kila mchomo, yaani 36, zinabaki 148, zaidi kidogo ya dozi kumi na mbili za jioni.

Mashine ya sukari nayo huhifadhi vipimo pamoja na tarehe na saa. Tulihakikisha kwanza kwamba saa yake ni sahihi, kisha tukarudi nyuma kipimo kimoja kimoja. Katika siku zile 18 tulikuta vipimo saba. Madaftari, tulipoyafungua baadaye, yalikuwa na vipimo 36, viwili kila siku, vyote kati ya 6.8 na 7.9. Sukari ya mtu anayetumia insulini haitulii namna hiyo. Asubuhi moja mashine ilikuwa imesoma 3.4. Daftari la asubuhi hiyo lilisema 7.1.

Waliyoyasema wahudumu na dada wa kazi

Tulizungumza nao mmoja mmoja, kwanza tukiwaeleza kwamba wanaweza kukataa swali.

Mhudumu wa mchana alikuwa na wiki tatu kwenye nyumba ile. Aliyemtangulia aliondoka kwa sababu mshahara ulichelewa miezi miwili. Yeye alipewa maelekezo kwa simu: sindano asubuhi na jioni, nusu saa kabla ya chakula. Hakuna aliyemwambia kwamba ya jioni ni ya mwenzake. Chakula cha jioni huletwa saa moja, kwa hiyo siku asiyotoka mapema alimchoma Bibi saa kumi na mbili na robo, akajiandaa kuwahi daladala. Mwenzake alifika kumi na mbili na nusu, akamchoma kama alivyozoea, kisha akamlisha. Walikutana getini. "Bibi mzima?" "Mzima." Hapo ndipo zamu ilipokabidhiwa.

Kila mmoja aliamini amefanya inavyotakiwa, na karatasi haikuweza kuwasahihisha, kwa kuwa fomu ya kila zamu ilikuwa na swali moja: "Insulini imetolewa? Ndiyo/Hapana." Bila saa, bila uniti. Mchana ndiyo, usiku ndiyo. Siku iliyokwenda sawasawa na siku ya dozi mbili za jioni zinafanana kabisa kwenye karatasi ile.

Kuhusu ile 3.4, mhudumu wa mchana alinyamaza kwanza. Kisha akasema kwamba katika nyumba aliyofanyia kazi kabla ya hapo aliwahi kuripoti sukari iliyoshuka, akaambiwa hamlishi mgonjwa, na wakala akamkata pesa. Kuhusu vipimo visivyopimwa, wote wawili walisema waliambiwa wabane matumizi ya vijiti vya kupimia sukari kwa kuwa ni ghali. Mkwe alikiri kwamba aliwahi kusema hivyo.

Mhudumu wa usiku alikuwa anafanya kazi mchana kwa mgonjwa mwingine siku tatu kwa wiki. Alijaza ratiba ya kumgeuza Bibi yote mara moja, kabla ya alfajiri, kalamu ile ile. Peke yake hakuweza kumgeuza. Lakini alitoa simu yake akatuonyesha ujumbe wa wiki tatu nyuma: picha ya kiuno cha Bibi, ngozi ikiwa imechubuka, na maneno, "Naomba nesi aje aangalie hapa." Ulitumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi wote. Chini yake kulikuwa na alama za dole gumba na tangazo la kikao. Hakuna aliyekuja.

Kwa hiyo alikuwa ameripoti. Mwili wa mama wa watu uliachwa wazi mbele ya wafanyakazi wote wa wakala, jambo lisilokubaliana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 wala na heshima ya kawaida, kisha taarifa yenyewe ikapotea humo humo. Kwenye daftari la matukio, ukurasa wa mwezi huo ulikuwa mweupe.

Aliyetufungulia sura nzima ni dada wa kazi, ambaye hakuwahi kuulizwa na mtu. Alisema kwa wiki mbili zile alikuwa akifua magauni na foronya za Bibi karibu kila asubuhi kwa sababu ya jasho. Watu wa nyumbani walidhani ni joto. Alisema pia kwamba uji ulirudi jikoni nusu bakuli, na usiku wa tukio ulirudi karibu wote. Jasho la usiku kwa mtu anayetumia insulini ni dalili ya sukari kushuka, na yeye alikuwa ameishika mikononi siku zote hizo.

Maamuzi yaliyofuata

Familia iliambiwa kila kitu, pamoja na hesabu ya kichupa, siku mbili baada ya ziara. Mkurugenzi aliogopa kushtakiwa na alipendekeza tuseme "sukari ilishuka kwa kukosa chakula", jambo ambalo ni nusu ya ukweli. Tulimweleza kwamba dozi ya jioni ilibidi ipangwe upya na daktari, na daktari asingeweza kufanya hivyo akiwa amefichwa kwamba Bibi alikuwa anapewa mara mbili. Mwana alikasirika sana, kisha akauliza la kufanya. Hakushtaki.

Wiki ile ile tulizunguka nyumba nyingine za wakala zenye mgonjwa wa insulini au wa mpira wa mkojo. Nyumba mbili zilikuwa na karatasi zilizosainiwa kabla ya muda. Hatukukuta dozi mbili kwingine.

Fomu ilibadilishwa. Sasa kuna karatasi moja tu kwa mgonjwa, inakaa chumbani, na insulini ina safu ya saa, uniti, kipimo cha sukari kabla ya kuchoma, na jina la aliyechoma. Kukabidhiana zamu kunafanyika kitandani, wote wawili wakimtazama mgonjwa na karatasi, na wakala analipa hiyo robo saa. Malipo haya nilisisitiza sana: ukimtaka mtu akabidhi zamu vizuri huku kila dakika anayobaki inampunguzia nauli na usingizi, atakabidhi getini.

Ukutani palibandikwa maelekezo ya sukari kushuka, kwa maneno ya kila siku: akilowa jasho, akitetemeka au akibadilika tabia, mpime. Ikiwa chini ya 4 na anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Asipoamka, usimpe kitu mdomoni, mlaze ubavu, hospitali.

Matokeo

Bibi alitibiwa fangasi ya mdomo na akarudia kula. Daktari alipunguza dozi ya jioni. Godoro lilibadilishwa. Kidonda kilichukua miezi kadhaa kufunga, kwa kusafishwa na muuguzi na kwa chakula chenye protini ya kutosha; dagaa na mayai vilisaidia kuliko virutubisho vya bei ghali alivyonunuliwa mwanzoni.

Mhudumu wa usiku alibaki, akaacha kazi ya mchana baada ya mshahara kupandishwa, na leo ndiye anayewafundisha wapya namna ya kukabidhi zamu. Wa mchana aliacha kazi hii kabisa. Alisema hawezi tena kushika sindano. Hilo linaniuma, kwa sababu alitupwa kwenye nyumba ile bila maelekezo.

Wakala alipandisha bei ili kumlipa muuguzi mwenye leseni wa kuzunguka nyumbani kila wiki, na baadhi ya familia zikahama. Aliweka pia simu ya usiku, nayo ilifanya kazi vizuri miezi miwili ya kwanza. Tulipoijaribu mwezi wa nne usiku wa manane iliita bila kupokelewa. Mwenye zamu ya simu alikuwa hajalipwa posho.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichotufikisha kwenye ukweli ni vitu visivyojazwa na mtu anayejitetea: kichupa, kumbukumbu ya mashine, sponji lililobonyea, nguo za kufua. Mkaguzi wa nyumbani anapaswa kujua kuhesabu insulini iliyobaki kabla ya kujua kujaza fomu. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano, na inachukua dakika kumi kama tarehe ya kufungua imeandikwa. Kama haijaandikwa, hilo pekee ni kosa la kuripoti.

Kuwapo wakati wa kubadilishana zamu kulitupa zaidi ya ambacho ziara za saa nne asubuhi zingetupa kwa mwaka mzima. Saa nne asubuhi mgonjwa ameogeshwa, mashuka yametandikwa, mhudumu yuko macho. Hatari ya nyumbani iko jioni watu wanapopishana, na usiku.

Ukaguzi wa awali ulishindwa kwa sababu ulipima uwepo wa karatasi. Ubaya mkubwa zaidi, ulilipa zawadi kwa ukimya: nyumba isiyo na tukio ilipata alama za juu, kwa hiyo kila mhudumu alijifunza kutoandika. Kwa wakala mwenye wagonjwa wengi wasiojiweza, daftari la matukio lililo tupu kwa miezi ni la kutiliwa shaka. Tulipendekeza alama zitolewe kwa taarifa zilizoandikwa na kujibiwa ndani ya saa 24, na kwamba kumkata mtu mshahara kwa kuripoti kuwe kosa la msimamizi.

Kuna pengo pia juu ya wakala. Tathmini ya nyota, ile ya serikali ya kuvipa vituo vya tiba nyota kwa ubora, iliyoanza mwaka 2015, ilipima zahanati, vituo vya afya na hospitali, haikuingia chumbani kwa mgonjwa anayelipiwa huduma nyumbani. Uingereza (England), ambako Waswahili wengi wanafanya kazi hii ya kuhudumia wazee, Tume ya Ubora wa Huduma hukagua hata mawakala wa nyumbani, kwa maswali matano: je, huduma ni salama, inaleta matokeo, ina utu, inaitikia mahitaji ya mtu, na ina uongozi mzuri? Tuliyatumia maswali hayo kupanga ripoti yetu. Katika kisa hiki, swali la utu ndilo wahudumu walilofaulu, na la uongozi ndilo wakala aliloanguka vibaya. Mshahara uliochelewa ulimwondoa mhudumu aliyeijua nyumba, simu ikatumika badala ya mafunzo, na ujumbe wa kuomba nesi ukajibiwa kwa dole gumba. Ukitaka kujua dozi ya pili ilianzia wapi, anza kwenye mshahara ule.

Familia nazo zina maswali ya kuuliza kabla ya kusaini. Namba ya leseni ya atakayesimamia sindano ni ipi, ili waihakikishe Barazani? Nani anapokea simu saa nane usiku? Mhudumu huyu ana mgonjwa mwingine mchana? Na wakubali kununua vijiti vya kupimia. Kubana vijiti huku mtu anachomwa insulini ni kumchoma bila kujua sukari yake iko wapi.

Jambo ambalo halijapata jibu ni kumgeuza Bibi usiku. Ni mzito, na mhudumu ni mmoja. Wakala alitoa bei ya wahudumu wawili, familia haiwezi. Kwa sasa mwana na mjukuu mkubwa husaidia kuvuta shuka saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri. Katikati ya hapo mhudumu humwegemeza nusu ubavu kwa mito, upande huu na upande ule, jambo analoliweza peke yake, na visigino vyake vinaning'inizwa juu ya mto visiguse godoro. Muuguzi hupapasa kiuno na visigino kila wiki. Nimeandika kwenye ripoti ya mwisho kwamba mpango huu hautoshi, na kwamba wakala asipokee mgonjwa mwingine wa hali hii kwa bei ya mhudumu mmoja.